Kwa Nini Wamemchagua Lucelly?

Enyi mliohudhuria, wa mbele mlioketi na wa nyuma mliosimama, wakubwa kwa heshima zao na wadogo kwa adabu zao, nitegeeni masikio. Sikuleta kisa cha wafalme wala cha majini. Nimeleta kisa cha mume mmoja na mlango wake mmoja, na wivu uliomkaa kooni kama mwiba wa samaki, haumezeki wala hautemeki.

Huko Manizales, mji uliopanda mgongoni mwa mlima hata mvua ikinyesha haijui iteremkie upande gani, pana benchi la zege kwenye pembe ya mtaa wa Las Nieves. Mtaa una mteremko mkali, na benchi limeufuata: kikombe ukikiweka upande wa juu, utakiokota upande wa chini. Juu hukaa don Heriberto, tarishi wa zamani wa mahakama, ambaye kwa kuwa alibeba hukumu za watu miaka mingi, wenzake walimwita Hakimu. Katikati hukaa don Gildardo kinyozi, ambaye neno likimwingia asubuhi, adhuhuri mtaa mzima unalo. Huyo ni Kipaza. Na chini, ambako uzito wa wote huegemea, hukaa don Arcesio Giraldo. Yeye aliumaliza ujana wake na nusu ya utu uzima kwenye ghala la kununulia kahawa, akichoma magunia kwa bambo, kile chuma cha ncha chenye mfereji, akitoa konzi ya punje, na kulihukumu gunia zima kwa konzi hiyo. Basi jina lake la kijiweni likawa Bambo. Mbele yao alisimama doña Rubiela na chupa zake za kahawa, kigari chake amekitilia jiwe kisiteremke na biashara.

Wiki ile Chuo Kikuu kilikuwa kikiwafunda watafiti wake wa elimu ya jamii namna ya kukusanya habari zinazohesabika. Si hadithi za watu, bali majibu ya watu, yatiwe namba, yapangwe, yajumlishwe. Baada ya kukaa darasani walimwagwa mitaani wakafanye mazoezi, kila mtu na kishikwambi chake mkononi. Walipita wakiziruka nyumba hizi na kubisha ile. Mmoja wao, kijana mrefu mwenye miwani na shingo nyembamba, alibisha kwa Bambo. Bambo alikuwa bafuni. Alipotoka, povu bado li masikioni, alimkuta kijana ameshaketi, na mkewe, doña Lucelly, ameketi mbele yake.

— Hebu anza upya, alisema Hakimu. Taratibu, kama unatoa ushahidi. Kijana alikwambia nini hasa?

— Kaniambia, “Don Arcesio, nakuomba utupishe kidogo, mahojiano haya ni ya faragha.” Faragha! Kwenye kochi langu! Kochi nililolipandisha mlima huu kwa mgongo wangu!

— Ukatoka?

— Ningefanyaje? Lucelly mwenyewe kanikabidhi kofia.

Kipaza alijipiga paja mpaka kahawa ikamrukia.

— Kakukabidhi kofia! Jamani, mwanamke akikupa kofia hujaiomba, huyo keshakuaga zamani.

— Nyamaza wewe. Nikakaa kizingitini. Mara nasikia anacheka.

— Kijana?

— Kijana gani! Lucelly! Kile kicheko chake cha kutoka tumboni. Mimi hicho sijakisikia miaka. Nilidhani kimekwisha.

— Halafu?

— Halafu kimya. Kimya kirefu.

— Kimya ndicho kibaya, alisema Hakimu akiinua kidole. Wahenga wamesema debe tupu haliachi kuvuma. Kwa hiyo debe likinyamaza, ujue limeshajazwa.

Doña Rubiela aligeuza uso ili asionekane akicheka. Bambo hakucheka. Alikizungusha kikombe chake mkononi, akaukumbuka ule mlango, rangi yake ya bluu aliyoipaka mwenyewe, na namna ulivyokuwa mnene siku ile kuliko siku zote. Kijana alipoondoka, Bambo aliingia ndani na swali lake limeiva. “Amekuuliza nini?” Mkewe akajibu, “Maswali.” “Nawe umemwambia nini?” “Majibu.” Kisha akakusanya vikombe vile vya wageni, vyenye ukingo wa dhahabu, akaenda kuviosha huku akiimba kwa pua.

— Mimi kinachoniuma si kijana, Bambo alisema. Nimemwona. Upepo wa hapa juu ukivuma unampeleka hadi mji wa Pereira. Kinachoniuma, kwa nini yeye? Nyumbani tuko wawili. Mimi nipo. Nina akili zangu, nina meno yangu, nina maoni juu ya kila kitu. Kwa nini wamchague Lucelly?

— Afadhali wewe wamebisha! alisema Kipaza, na sauti yake ilibeba kidonda. Mimi wameniruka! Nilikuwa mlangoni, nimevaa shati la misa, nimechana nywele. Nikamwamkia. Anahesabu nyumba kwa kidole kama anahesabu mbuzi, kafika kwangu, kaniambia “mchana mwema, bwana,” kapita! Kabisha kwa yule mjane ambaye hata hasikii! Nyumba yangu ina ndui?

— Wewe don Gildardo wakuhoji wewe? alisema doña Rubiela. Wakikuuliza jina tu, kozi inafungwa hujafika kwenye jina la baba.

— Ndiyo wivu wenu huo. Mjane yule anajua nini? Mimi ndiye ninayejua mtaa huu!

— Tulizaneni, alisema Hakimu. Jambo hili lina sheria ndani yake. Mimi nimebeba faili za mahakama, nazijua hila za serikali. Sikilizeni. Kunatungwa sheria mpya ya talaka. Sasa wataijuaje ndoa ipi imeoza? Wanatuma vijana. Kijana anachekesha. Mke asiyecheka, ndoa nzima. Mke akicheka sana, wanaandika. Lucelly kacheka mara ngapi?

— Mara mbili, alisema Bambo kwa sauti ndogo.

— Basi mmeandikwa.

— Sheria gani, bwana! alidakia Kipaza. Hii si serikali, hii ni mashine. Mpwa wangu kanieleza. Wanachukua sauti za watu, wanazitia kwenye mashine, halafu mashine inajibu badala yao. Bambo, siku moja utapiga simu nyumbani, “Lucelly, chakula tayari?” Sauti itakwambia “tayari, mpenzi.” Hapo ujue si yeye.

— Hapo nitajua, alisema Bambo. Lucelly haniiti mpenzi.

— Umeona! Mashine ina adabu!

— Ninyi wazee, alisema doña Rubiela, mvuke wa kahawa umewapanda kichwani. Don Arcesio, wewe si ndiye uliyekuwa ukichoma magunia? Ulikuwa ukichagua punje? Ulikuwa ukiliambia gunia “nitolee ile nzuri, ile yenye macho”?

— Hapana. Unachoma popote. Ukichagua, umelidhulumu gunia.

— Basi na wao wamechoma mtaa. Katoka Lucelly. Punje ni punje.

Bambo alimtazama kwa muda. Maneno yale yalikuwa ya haki, naye kazi yake aliijua. Mara ngapi aliwakaripia vijana wa ghalani kwa kuchota punje za juu, zile zinazong’aa? Lakini akili ikikubali, moyo bado una ubishi wake.

— Doña Rubiela, alisema, punje haiwezi kuingia ndani na bambo, wakafunga mlango, wakacheka.

Kipaza alishindwa kukaa kwa kicheko. Hata Hakimu alitoa leso akajifuta macho.

— Sasa nimelipata! alisema Hakimu alipopata pumzi. Nimelipata lote! Hawa wasomi wa chuo wamesoma mpaka ndevu zimeota mvi, mke hawana. Watamwona wapi mke, wako maktaba! Chuo kimekaa, kimewahurumia. Kikiwatuma hivihivi tu watafukuzwa na mbwa. Wakapewa kishikwambi na kizibao cha chuo. Hii kozi, ndugu zangu, ni kozi ya kutafuta wake!

— Wake za watu? aliuliza Kipaza, macho yamemtoka.

— Hasa! Waliokwisha kufundishwa kupika. Na wewe umerukwa kwa sababu wamemwona wa kwako dirishani. Usinikasirikie, mchagua nazi hupata koroma, nao hawataki koroma.

— Mke wangu koroma?

— Nimesema methali.

— Methali ina mke wangu ndani!

— Kaeni! alifoka Bambo, na kwa kuwa yeye alikuwa chini na wao juu, walipoketi wote wawili walimteremkia begani. Ninyi mnacheza, mimi nyumba yangu inaungua. Leo hii hii, alasiri hii, anakuja mwingine. Lucelly kaniambia tangu asubuhi: mkaguzi, anakuja kuhakikisha kazi ya yule wa kwanza. Kafua mapazia. Kanunua mikate ya jibini. Kwangu mimi jana ilikuwa mkate wa juzi!

— Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, alisema Hakimu.

— Yeye anampa mikate ya jibini!

Hapo Bambo aliwafunulia shauri lake. Kila apandaye Las Nieves kutoka bondeni hupita kwenye pembe ile, hakuna njia nyingine. Basi yeye angekaa palepale, amzuie mkaguzi, amwambie kwamba doña Lucelly amesafiri kwenda kwa mtoto wao, na hatarudi mwezi huo. Kisha jioni angemweka Lucelly kitako, achague: ama amweleze neno kwa neno alichomwambia kijana, ama yeye Arcesio afungashe nguo ahamie kwa dada yake, katika mji wa Chinchiná.

— Na akichagua uhame? aliuliza doña Rubiela.

Bambo aliivuta kofia chini. Swali hilo alikuwa amelikwepa tangu asubuhi.

— Hawezi, alisema Kipaza. Nani atampandishia mtungi wa gesi?

— Yule mwenye shingo nyembamba, alisema Hakimu.

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka, na ndani yake alitokeza mtu akipanda mlima, kizibao cha chuo kifuani, kishikwambi kwapani, akihema. Walipomwona vizuri, wote watatu walishusha vikombe. Mkaguzi alikuwa mwanamke, tena msichana, ambaye alisimama mbele ya kigari akishika kiuno.

— Habari za alasiri, wazee wangu. Jamani, mtaa huu mnaupandaje kila siku?

— Kwa dhambi zetu, binti, alisema doña Rubiela. Kunywa kahawa.

Kipaza alimnong’oneza Hakimu, wala Kipaza hajui kunong’ona:

— Wanatafuta na waume!

Binti alicheka, akashukuru kwa kikombe, akajitambulisha kuwa ni Yesenia, mwanafunzi wa shahada ya pili, na kwamba anaitafuta nyumba ya Giraldo, ya mlango wa bluu.

Bambo alisimama. Alikuwa ameyapanga maneno yake kama magunia.

— Doña Lucelly hayupo. Kasafiri. Harudi mwezi huu.

— Wewe ndiye don Arcesio?

— Ndimi.

— Basi vizuri! alisema Yesenia, na uso wake ukang’aa. Sikumfuata yeye kwanza, don Arcesio. Nimekufuata wewe. Nina swali moja tu, na lazima lijibiwe na mtu mwingine wa nyumba ile.

Mwaona, enyi wasikivu, dawa ya wivu ilivyo karibu na ugonjwa wake. Bambo alinyoosha ukosi wa shati. Alivua kofia, akaivaa tena ikiwa imekaa vizuri zaidi. Kisha aliwageukia wenzake kwa uso wa mtu mwenye ofisi.

— Tupisheni. Mahojiano haya ni ya faragha.

— Benchi ni la umma! alisema Hakimu.

— Sitoki hata kwa polisi, alisema Kipaza.

— Waache tu, don Arcesio, alisema Yesenia. Hili si la siri, hata wakisikia hakuna neno.

Bambo alisikitika kidogo kwamba halikuwa la siri, lakini alijikaza.

— Uliza, binti yangu.

Yesenia aliweka kikombe juu ya kigari, akawasha kishikwambi.

— Sisi tukiingia nyumba hatumchagui mtu kwa sura wala kwa elimu, wala hatumchukui aliyefungua mlango. Tukifanya hivyo tutawapata wanaokaa nyumbani tu, na wanaopenda kusema.

Doña Rubiela alimtazama Kipaza.

— Kwa hiyo tuna kanuni, aliendelea binti. Kati ya watu wazima wa nyumba, tunamhoji yule ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo iliyopita karibuni kuliko za wenzake. Yeye tu. Mwenzangu alimhoji doña Lucelly. Mimi nahakikisha tu kwamba hakukosea. Kati yako na yeye, don Arcesio, ni siku ya nani iliyopita karibuni?

— Yangu, alisema Bambo bila kupumua. Mimi ni wa Mei.

— Na doña Lucelly?

Bambo alifungua mdomo. Palikuwa na jibu mahali fulani, alikuwa na hakika, kama mtu ajuaye ameacha ufunguo nyumbani.

— Nauliza, alisema Yesenia taratibu, kwa sababu tuko Septemba. Kama tangu Mei siku yake haijapita, basi aliyepaswa kuhojiwa ni wewe. Mwenzangu amevunja kanuni, mahojiano yale nitayafuta yote, naye atarudia kozi mwakani.

Kipaza alimfinya Bambo ubavuni.

— Sema! Sema haijapita! Kijana umempata!

— Mficha uchi hazai, alisema Hakimu kwa mkazo, na hakuna aliyejua anakusudia nini.

Neno lile “nitayafuta” lilimwingia Bambo kama kahawa ya moto. Vicheko viwili vingefutwa, na kile kimya kirefu, na kila alichokisema mkewe nyuma ya mlango. Yote yangeondolewa, na yeye ndiye angeketi kochini, avuke miguu, aulizwe. Kilichotakiwa ni tarehe moja tu, ya Oktoba au Februari, mwezi wowote ulio mbele. Akautafuta kwanza mwezi wa kweli wa mkewe. Aliikumbuka siku ya ndoa, karani akizisoma tarehe zao wote wawili kwa sauti, naye macho yake yakiwa kwenye shingo ya Lucelly na masikio hayapo. Akajaribu njia nyingine. Akairudia miezi yote tangu Mei, siku baada ya siku, akitafuta ile ambayo Lucelly alionekana kama mtu anayengojea kitu. Akaziona. Zilikuwa nyingi mno, hakuweza kujua ni ipi.

— Hakimu, alisema. Unatujua tangu ujana. Lucelly kazaliwa lini?

— Hilo ni la kifamilia, ndugu yangu. Siwezi kuingilia.

— Na mkeo wewe?

Hakimu alitazama ndani ya kikombe.

— Yeye... ni wa wakati wa mvua.

— Hapa mvua hunyesha mwaka mzima, alisema doña Rubiela.

— Kipaza? Wewe unajua kila kitu mtaani.

Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile limwagwe zege, Kipaza hakuwa na neno. Alitikisa kichwa. Wote watatu wakamwelekea muuza kahawa.

— Msinitazame mimi, alisema doña Rubiela. Si mimi niliyelala naye.

Ukungu ulikuwa umeufikia mlango wa bluu huko juu, ukaufunika nusu.

— Yeye mwenyewe alimtajia yule kijana tarehe gani? aliuliza Bambo hatimaye.

— Siruhusiwi kusema, don Arcesio.

— Nikimkimbilia nikamuuliza sasa hivi?

— Utakuwa umeniletea jibu lake. Mimi nahitaji lako.

Alilisema bila ukali. Kisha, kwa kuwa alikuwa amefundwa vizuri, aliinamisha kishikwambi mzee aweze kukiona.

— Unaweza kusema hujui. Nalo ni jibu halali. Lina namba yake.

— Asiyejua ana namba?

— Anayo.

— Kila mtu na yake?

— Hapana. Wote namba moja.

Bambo alitazama kioo kile kidogo, ambako tone moja la ukungu lilikuwa limetua. Kidole cha binti kilingojea. Alifikiria kijana wa shingo nyembamba, akamwona ameketi mahali fulani mjini, hana habari kwamba hatima yake imeshikwa na mtu wa benchini. Alifikiria kusema Oktoba. Ulimi ulikuwa tayari.

— Andika sijui, alisema.

Yesenia akabonyeza, akamshukuru kama alivyofundishwa kuwashukuru watu wote.

— Na doña Lucelly akirudi safari...

— Hajasafiri. Nimekudanganya, binti yangu, yupo nyumbani. Kapika... kanunua mikate ya jibini. Panda, ugonge, anakungoja. Mimi nitakuja mkishamaliza.

Binti akapanda na ukungu ukammeza. Hakimu alikohoa, akatafuta methali, akaiacha. Kipaza aliinuka, akasema duka lake la kunyolea halijafungwa vizuri, akaondoka kwa haraka kuelekea nyumbani kwake, wala si dukani. Doña Rubiela aliinua chupa ya mwisho, akaitikisa, ilikuwa tupu. Akaondoa jiwe chini ya gurudumu. Bambo alibaki upande wa chini wa benchi, peke yake na uzito wake mwenyewe, akiutazama mlango mpaka ulipofunguka na binti akatoka. Ndipo akainuka, akavua kofia kabla hajafika, akaenda kumuuliza Lucelly siku yake ya kuzaliwa.

Hapa ndipo ninapokishusha kisa changu, enyi mliohudhuria, nami sina la kuongeza. Aliyenisimulia haya kwanza hakuwapo kijiweni wala hakuona lolote kati ya hayo. Aliyapata kwa mumewe, yote, na uongo wake na aibu yake, jioni ileile mezani. Ni doña Lucelly mwenyewe.